Mtu Aliyeshindwa Kuanguka

Rafiki yangu Tong Wanhe alikuwa na kasoro moja tu: hakujua kuanguka. Msicheke. Nyinyi mnaosafiri kwa mabasi yenye joto ndani mnadhani kuanguka ni jambo la bure, mtu yeyote anaweza. Sisi tulioendesha baiskeli kwenda kazini katika baridi ya huku kaskazini, enzi zile kiwanda kingali kiwanda, tunajua kwamba kuanguka ni haki ya mtu, kama kupiga chafya. Mimi nilikuwa mwendeshaji hodari kuliko wote mtaa wa nyuma ya reli. Niliweza kuwasha sigara juu ya barafu bila kushika usukani, na mashahidi wapo. Wawili wamekufa lakini mmoja yupo. Hata hivyo kila majira ya baridi nilianguka mpaka makalio yakaota sugu. Tong hakuanguka. Na hilo ndilo lililommaliza.

Alikuja mjini angali kijana, katoka kijiji cha mtama, mikono mirefu, masikio mekundu, akaajiriwa kiwanda cha mabehewa, idara ya kusubu chuma, idara ile ile niliyokuwa naing'arisha mimi. Kazi yetu ilikuwa kumimina chuma cha moto kwenye kalibu za mchanga. Kikipoa tunavunja mchanga, linatoka gurudumu la treni. Mchanga wenyewe ni laini kama unga. Ukiutazama kwenye mwanga wa dirisha, unaelea, unameremeta, mzuri kweli. Ukishaingia kifuani hautoki.

Kiwanda kilikuwa upande mmoja wa mji, sisi tunakaa upande mwingine. Basi lilikuwepo, lakini lilikuwa kama mjomba tajiri: unasikia habari zake tu. Kwa hiyo baiskeli. Asubuhi kabla hakujapambazuka unasikia milango inagongwa, watu wanatema mate, kengele zinalia uchochoroni, kisha barabara kuu inajaa watu wenye makoti mazito ya pamba na kofia za manyoya, kope zimeota barafu, kila mdomo unatoa moshi kama bomba la jiko. Magoti tumeyafunga ngozi ya mbwa. Matairi tumeyapunguza upepo kidogo yashike barabara. Na kila siku lazima baiskeli ya mtu igome. Grisi ya gia ya nyuma inaganda, unakanyaga pedeli zinazunguka bure, huendi popote. Dawa yake wanaume wote wa mji wetu waliijua, na kila mmoja alitembea nayo ndani ya suruali. Unailenga gia vizuri, moshi unapanda, unaruka juu unaondoka upesi kabla haijaganda tena. Wanawake walibeba chupa ya maji moto kifuani. Nasikia siku hizi watu wanaona haya kuyasema haya. Sisi tulikuwa tunapanga foleni.

Katikati ya msafara ule alikuwepo Tong, amekaa wima kama aliyekaa kwa wakwe. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, ndefu, nzito kama ng'ombe, na chakula chake cha mchana kimefungwa kwenye keria ndani ya kopo la bati. Vijana wanamtania, "Fundi Tong, tuachie na sisi barabara kidogo!" Naye bila kugeuka anajibu, "Barabara ipo. Miguu yenu ndiyo haipo!"

Kila mwisho wa baridi kipaza sauti cha kiwanda kilimsifu. "Fundi Tong Wanhe wa idara ya kusubu! Baridi nyingine imekwisha bila kuchelewa hata siku moja!" Wanambandika ua la karatasi nyekundu kifuani, wanampa kikombe cha bati chenye maandishi mekundu. Mkewe, Sumei, alikuwa anapimia chumvi kwa vikombe hivyo. Nikamwambia Tong, "Hicho ni kilemba cha ukoka wanakuvisha." Akacheka, lakini lile ua hakulivua mpaka tulipofika mtaani na majirani wote wameliona.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo rafiki yangu alipofanya upumbavu, na ni upumbavu wa kwetu, sijui kama wengine wanao. Kifua kilianza kumsumbua. Kiwandani nililijua mimi peke yangu, kwa sababu nilikuwa naendesha nyuma yake. Karibu na geti kulikuwa na mabanda ya makaa. Tong akawa anapinda nyuma ya mabanda, anashuka, anaegemea ukuta, anakohoa mpaka anachuchumaa. Kisha anafuta mdomo kwa theluji, anapanda tena baiskeli, anaingia getini kama bwana harusi. Hakutaka aonekane amechoka. Alificha kikohozi chake kama watu wengine wanavyoficha pombe.

Alikuwa na mtoto mmoja, Qiuyan, msichana mwenye maneno makali. Alikuwa amemaliza shule, na hiyo ilikuwa baridi ya pili anakaa nyumbani kungoja kazi, akigundisha viboksi vya kiberiti na mama yake juu ya kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini. Vidole vyake vilikuwa na gundi muda wote. Nikienda pale jioni ananipokea hivi: "Mjomba Luo, leo umekuja kusema au kula?"

"Kula kwanza. Kusema nasema huku natafuna."

"Basi tafuna polepole, tupumzike."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ningependa mmkumbuke hivyo.

Kazi haikuwepo mjini, wala vijijini, wala kwa mtu yeyote asiyekuwa na mjomba ofisini. Njia ilikuwa moja: mzazi akitoka kiwandani, mtoto anaingia mahali pake. Kiti kimoja, mmoja anainuka, mwingine anakaa. Lakini sharti mzazi atoke kwa uzee au kwa ugonjwa, na Tong uzee wa kiserikali ulikuwa bado mbali. Majira yale kipaza sauti, kile kile cha kusifu, kikatangaza kwamba baada ya Mwaka Mpya wetu desturi hiyo basi. Atakayetaka kazi atafanya mtihani. Qiuyan alikuwa hodari wa mdomo, kwenye mitihani alikuwa mpwa wangu kabisa, hafui dafu.

Jioni ile Sumei hakuweka chakula mezani kwanza. Akasema, "Baba Qiuyan, wewe si mgonjwa?"

Tong akatazama kikombe chake. "Nakohoa kidogo."

"Foronya ya mto naifua mimi. Najua unakohoa nini."

"Mama, muache," akasema Qiuyan.

"Nimuache? Wewe unataka kugundisha viberiti mpaka uote mvi? Shemeji Luo, wewe mwenye maneno mengi, mwambie moja la maana."

Nikamwambia, "Tong, kwa mara ya kwanza maishani mwako una kitu ambacho kiwanda kinakitaka kwenye karatasi. Una kifua kibovu. Kitumie kabla ya Mwaka Mpya."

Asubuhi yake tukaenda wawili kwa mkuu wa ofisi ya wafanyakazi, Bwana Kuang. Mimi nilienda kama mdomo wake. Kuang hakuwa mtu mbaya, nasema kweli. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye kuamini anachokiona.

"Fundi Tong! Karibu! Kaka Luo naye, karibuni, chai hiyo."

"Mkuu," akasema Tong, "nimekuja kuomba kustaafu kwa ugonjwa. Msichana wangu ashike nafasi."

"Ugonjwa wa nani?"

"Wangu. Kifua. Usiku silali."

Kuang akampima kwa macho. Mashavu mekundu ya upepo, mgongo wima, kofia chini ya kwapa. "Leo umekuja na nini?"

Hapo mtu mwenye akili angesema amesukumwa na mkewe kwenye mkokoteni. Tong akajibu, tena kwa fahari, "Na baiskeli."

"Kutoka nyuma ya reli? Na baridi hii?"

"Baridi gani, mkuu. Mwaka juzi ndiyo ilikuwa baridi."

Nikampiga teke chini ya meza.

"Ulichelewa?" akauliza Kuang.

"Mimi?" akasema Tong, kama aliyetukaniwa mama.

Kuang akacheka mpaka chai ikamwagika. "Nawaelewa, nawaelewa. Mzazi ni mzazi. Lakini nikimpitisha Tong Wanhe kama mgonjwa, kiwanda kizima kitanicheka. Kila mtu ataniletea kifua chake na cha bibi yake. Daktari Miao amesema nini?"

Daktari Miao wa zahanati ya kiwanda alikuwa amesikiliza kifua akasema kuna mngurumo, lakini mashine ya kupiga picha ya ndani hana, na mngurumo sisi wa idara ya kusubu tunao wote.

"Umeona," akasema Kuang. "Mngurumo. Hata mimi baada ya chakula nina mngurumo."

Tukatoka. Nilikuwa namtukana tangu kwenye ngazi mpaka getini. "Mwaka juzi ndiyo ilikuwa baridi! Mwaka juzi! Ulitaka akupe ua jingine?" Tong akasukuma baiskeli.

Tukaamua alale nyumbani. Aliyelala kitandani haendeshi baiskeli, si ndiyo? Siku ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Majirani wakaleta mapichi ya kopo kama wanavyopelekewa wagonjwa, Kuang naye akatuma kopo lake. Tong amelala kando ya ukuta, Sumei anamlisha kwa kijiko, Qiuyan anasema, "Baba, lia kidogo, mlango uko wazi." Nilirudi kwangu nimeridhika.

Kesho yake alfajiri niko barabarani na msafara, nasikia kengele nyuma yangu. Kengele ile naijua. Nikageuka: Tong!

"Unafanya nini hapa, mwendawazimu?"

"Nimekuja kuangalia barabara tu."

"Barabara ya nini?"

"Kaka wa Pili," akasema — ndivyo alivyokuwa akiniita — "nilisikia kengele zenu zinapita chini ya dirisha. Nikiwa nimelala. Sijawahi kuzisikia nikiwa nimelala."

Akafika kazini kwa wakati. Kuang alimwona getini, akampiga begani. "Kopo moja la pichi na amepona! Huyu si mtu, huyu ni chuma chetu wenyewe."

Nyumbani Sumei hakumsemesha siku tatu nzima.

Ndipo nikaleta mpango wangu. Ulikuwa mzuri, naurudia hata leo, ulikuwa mzuri. Kuang alikuwa na tabia ya kusimama getini asubuhi, koti refu, chupa ya chai mkononi, kutazama watu wanavyoingia. Hatua chache kabla ya geti bomba la mvuke lilikuwa linavuja, maji yanaganda barabarani, pamekuwa kioo kitupu. Sote hushuka pale tukasukuma. Tong peke yake hupita amekaa.

"Kazi yako ndogo," nikamwambia. "Ukifika kwenye kioo, kamata breki ya mbele. Utakwenda chini kama gunia. Kaa chini, kohoa, usinyanyuke mpaka Kuang akufikie."

"Nikivunjika?"

"Afadhali. Mfupa uliovunjika unaonekana."

Tukamfundisha uani kwao. Mmewahi kuona mtu mzima akifundishwa kuanguka? Tulirundika theluji, akapanda baiskeli, nikamsukuma kwa bega. Mguu ukashuka wenyewe, akasimama. Nikamsukuma tena, akasimama tena. Qiuyan akawa anapiga kelele, "Baba, legea! Legea kama mlevi! Mwige Mjomba Luo!" Mwisho nikamrukia mzimamzima, nikaanguka mimi. Msichana alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji, vidole vyake vya gundi vimefunika uso. Tong alimtazama akicheka, akasema, "Kesho nitaanguka. Lazima."

Asubuhi yake nilikaa nyuma yake kabisa nione. Kuang yupo getini, chai inafuka. Tong akaja na mwendo, akaingia kwenye kioo, akakamata breki ya mbele. Niliona kidole kikikamata, sitii chumvi. Gurudumu la nyuma likateleza, baiskeli ikazunguka duara zima, na katikati ya duara lile mguu wa kushoto ukachomoka, ukagusa barafu kidogo tu kama mtu anayejaribu maji ya kuoga, kiuno kikayumba upande huu, upande ule, na baiskeli ikatulia, imetazama geti, inakwenda.

Watu wakapiga makofi. Wale waliokuwa wamebeba vyakula wakapiga kwa makopo.

"Mmeona?" Kuang akapaaza sauti. "Mmeona fundi? Na nyinyi vijana mnashuka mnasukuma kama mabibi harusi!"

Nikamkuta Tong kwenye banda la baiskeli. Alikuwa anafunga kufuli.

"Ulitabasamu," nikamwambia.

"Miguu, Kaka wa Pili. Miguu haikunisikia."

"Na midomo je?"

Akavuta pumzi, ikakwama, akageukia ukuta.

Alijaribu tena siku mbili tatu, nami nitawaondolea taabu ya kusikia. Mwili wake ulikuwa umejifunza jambo moja maisha yote na haukukubali kulisahau kwa sababu ya binti.

Zilipobaki siku chache kufika Mwaka Mpya, upepo wa kaskazini ukashuka. Upepo ule hauvumi, unasaga. Tuliendesha vichwa chini, hakuna aliyetania mtu. Nilimwona Tong mbele yangu anayumba, nikangoja apinde kwenye mabanda ya makaa. Hakupinda. Nadhani hakuyaona. Akafika kwenye kioo, kikohozi kikamkamata hapo hapo, akaanguka.

Aliyekuwa nyuma yake akamwangukia. Aliyefuata akaangukia wale. Mimi nilikamata breki na breki ikanicheka. Nilitua juu ya mke wa mtu, nikasema "samahani shemeji," na kabla hajanijibu akatua mwingine juu yetu. Makopo ya chakula yakafunguka, wali wa mtama na kabichi chachu vikatapakaa barabarani, kengele zinalia zenyewe, watu wanacheka, wanatukana. Na Kuang alikuwepo! Alikuwa pale pale, chupa mkononi, akaacha chai akakimbia.

"Hata Tong? Hata Tong ameanguka?"

Tong alikuwa amepiga magoti na viganja chini. Hakuweza kusema. Akainua mkono mmoja, akajigusa kifuani, akamtazama Kuang. Mambo yote tuliyoyapanga yalikuwa yametimia: barafu, mkuu, kikohozi. Kuang akaushika mkono ule ule, akamvuta, akamsimamisha, akampangusa theluji mabegani.

"Hii barabara ni aibu!" akafoka. "Ikiwa imemwangusha Tong Wanhe, itamuua nani mwingine? Leteni majivu!"

Watu wa tanuri wakaja na mikokoteni ya majivu, wakamwaga kuanzia geti mpaka mabanda ya makaa. Nilikuwa naokota kopo langu. Pale Tong alipokuwa amepiga magoti, theluji ilikuwa na alichokikohoa, nyeusi na nyekundu. Nikafungua mdomo kumwita Kuang. Koleo la majivu likapita, pakawa kijivu kama pengine pote.

Mchana kipaza sauti kikasema uongozi unajali usalama wa wafanyakazi. Barabara ile haijawahi kuwa nzuri vile. Mpaka Mwaka Mpya hakuanguka mtu.

Daktari Miao ndiye aliyeshtuka, lazima nimpe haki yake. Alimpeleka Tong hospitali ya mjini akapigwe picha. Foleni ilikuwa ndefu, kisha wafanyakazi wa hospitali nao wakaenda makwao kwa sikukuu. Sisi tukala maandazi yetu ya nyama, tukapiga fataki. Nyumba ya Tong haikupiga. Jibu lilirudi wakati karatasi nyekundu za fataki bado zimetapakaa juu ya theluji uchochoroni. Daktari akaiegemeza picha kwenye dirisha. Mimi shule niliiacha darasa la nne, picha za kifua sijui kuzisoma. Lakini madirisha ya kwetu nayajua yanavyokuwa asubuhi, maua meupe ya barafu kutoka kona hadi kona. Kifua cha Tong kilikuwa hivyo.

Kuang alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akavua kofia mlangoni.

"Fundi Tong, mbona hukusema?"

"Nilisema, mkuu."

"Ungesema kwa nguvu."

"Ningekuwa na nguvu nisingesema."

Kuang akakaa ukingoni mwa kitanda cha matofali, kati ya viboksi vya kiberiti. Akasema kustaafu kwa ugonjwa kumekubaliwa siku hiyo hiyo, bila swali.

"Na msichana?" nikauliza mimi.

"Kaka Luo, mlango umefungwa. Umefungwa kwa wote. Hata mwanangu yuko nje."

Qiuyan alikuwa anagundisha. Akamaliza kiboksi alichokishika, akakiweka juu ya vingine, akachukua kingine. Nilingoja aseme kitu, hata tusi. 

Wakamuaga Tong kwa ngoma na matoazi. Ua jekundu, kubwa kuliko yote aliyowahi kuvaa, na beseni jipya la bati. Lori la kiwanda likampeleka nyumbani, baiskeli imefungwa nyuma. Vijana wa idara walikimbia nyuma ya lori wakipiga kelele, "Fundi Tong, tuachie barabara!" Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele na kofia yake, hakugeuka, na safari hii hakujibu.

Tangu hapo hakutoka tena. Baridi iliyofuata alishindwa hata kukaa bila kuegemezwa. Qiuyan alichukua baiskeli. Ni ndefu kwake, inabidi akanyage pedeli kwa ncha za vidole. Alifunga kikapu kwenye keria, akawa anauza mapeasi yaliyogandishwa nje ya geti la kiwanda, mapeasi meusi, magumu kama mawe. Hutoka alfajiri pamoja na msafara wetu, amevaa ngozi za mbwa za babaye magotini, barabara ile ile, wakati ule ule, akifika getini sisi tunaingia, yeye anabaki nje. Mwanzoni nilimtania. "Mpwa wangu, unauza mapeasi au silaha?" Ananitazama tu, ananipa kofia yake nimshikie afunge kamba.

Bomba lilikuwa bado linavuja. Majivu hawamwagi tena. Na Qiuyan anaanguka. Loo, huyo anajua kuanguka! Hakumrithi baba hata chembe. Anaanguka kwenye kioo pale karibu kila asubuhi, mapeasi yanakimbia huku na huku chini ya matairi, watu wanayakwepa, wanamtupia "pole, dada" bila kusimama, kwa sababu kengele ya kuingia inakaribia kulia. Mimi husimama, nikaokota mawili matatu. Wakati mwingine sisimami, kwa sababu nami nina kengele.

Jioni nikitoka kazini nilikuwa napita kwao. Tong ameegemea ukuta, masikio yake yamekuwa meupe. Haulizi habari za idara, wala chuma, wala Kuang. Anauliza jambo moja.

"Leo ameanguka?"

Siku ya kwanza nilimwambia, "Aanguke? Yule? Ana miguu yako, Tong. Alipita kwenye kioo amekaa wima, watu wakapiga makofi."

Nilidhani nimempa zawadi. Akafumba macho, akageuza uso ukutani. "Basi na yeye hawatamwamini," akasema.

Jioni iliyofuata nikamwambia ukweli, kwamba ameanguka, tena vibaya, mapeasi yote chini. Sumei alikuwa anachochea jiko, akaacha kuchochea.

Tong akauliza, "Kuna aliyesimama kumwinua?"

Asubuhi ile hata mimi nilipita. Mtaa mzima unanijua. Uongo haujawahi kunipungukia, nina wa asubuhi na wa jioni, wa kulipa na wa bure. Nikatafuta mmoja pale, nikautafuta kweli, huku ananitazama. Kisha nikamwambia Sumei aongeze makaa, baridi inaingia.